Bafu Nililompambia Baba Mkwe

Nitaanza kucheka mimi mwenyewe, halafu na ninyi mtacheka kwa raha zenu, maana hakuna namna ya kuisimulia habari hii nikabaki na heshima yangu yote: mimi ndiye yule fundi cherehani wa Tunduma aliyemvika baba mkwe wake gauni la mke wa mwinjilisti, mchana kweupe, barabarani, mbele ya watu wanaokwenda ng'ambo na wanaorudi. Habari ilivuka mpaka kabla jua halijazama, na ndugu zetu wa upande wa Rodesia wakaitengeneza wanavyotaka wao, wengine wakasema niliyevaa gauni ni mimi, wengine wakasema tulivaa wote wawili. Si kweli. Gauni lilikuwa moja. Na kama tunataka kusema sawasawa, mzee yule siku hiyo hakuwa baba mkwe wangu bado, alikuwa amekuja kutazama kama nafaa kupewa binti yake, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo.

Enzi hizo za Mwingereza Tunduma yetu ilikuwa ndogo, maduka machache ya Wahindi, kizuizi cha mpakani na askari wake, malori yenye vumbi, na vijana wanaopita na masanduku ya mbao kichwani wakienda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Mimi nilijaribu kwenda huko nikarudishwa kwa sababu ya kifua chembamba (hiyo ni aibu nyingine, tuiache), nikajifunza cherehani, nikapata nafasi ya kuweka mashine yangu kwenye baraza la duka moja, na nikapanga chumba kwa mjane tuliyemwita Mama Yakobo, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu nyuma ya duka hilo. Chumba kilikuwa kizuri, hakivuji, na Mama Yakobo mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Bafu ndilo lilikuwa balaa.

Lilikuwa uani, halina paa, kuta zake za fito na udongo, na udongo ule ulikuwa umebanduka kiasi kwamba fito zilionekana kama mbavu za punda mzee. Chini palikuwa tope tupu, ukimaliza kuoga miguu yako ni michafu kuliko ulivyoingia, kwa hiyo unatoka unarukaruka kwa mguu mmoja kutafuta jiwe. Mlango ulikuwa gunia, na gunia lile lilikuwa na tundu, na tundu lile, sijui nani alilipima, lilikuwa sawasawa na usawa wa macho ya mtu anayepita. Nilipomlalamikia Mama Yakobo aliniambia marehemu mumewe alioga humo miaka yote na hakuwahi kusema neno. Hoja ikaishia hapo, kwa sababu marehemu huwezi kumwita aje aulizwe.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Tusekile, kwao ni kule milimani, Itumba, kabila lake Mndali. Alikuwa anashuka Tunduma na shangazi yake kuuza maharage, na siku moja wakaja kwenye mashine yangu kushonesha blauzi, nikampima, na niwaambie kweli blauzi ile niliishona, nikaifumua, nikaishona tena, ili tu awe na sababu ya kurudi kuijaribu. Shangazi mtu aliliona hilo mapema kuliko yeye. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, jina lake Shangazi Atupele, na ndiye aliyebeba maneno yangu mpaka nyumbani, na ndiye aliyeniletea jibu: kaka yake, Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa, hakukataa wala hakukubali, ila alisema mwisho wa mwezi, Jumamosi, atashuka mwenyewe aone mahali binti yake atakapoishi. Shangazi akaniinamia akaniongezea kwa sauti ya chini, "Kaka yangu hatazami kitanda, hatazami sahani. Anatazama mahali pa kuogea. Anasema mtu mchafu anajificha kote ila bafuni."

Mimi nikaitikia vizuri, nikamsindikiza, halafu nikaenda uani kulitazama bafu la Mama Yakobo.

Kuhama kusingewezekana, nyumba za kupanga zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kujenga bafu la matofali na saruji kwenye nyumba isiyo yangu, fundi wa baraza nitapata wapi uwezo huo. Nikaamua nitalitengeneza kwa vitu vya bure, na hapo ujue kichwa kilikuwa kimeshaanza kupata moto. Jioni baada ya kazi nilikuwa nabeba mawe bapa kutoka kijitoni, nikayapanga chini kwa ustadi nikajaza kokoto katikati, maji yakawa yanapita yanakwenda zao kwenye mfereji. Nikakandika kuta upya. Nikaomba dukani magunia ya unga, yale ya kitambaa, nikashona pazia lenye mikunjo na utepe mwekundu chini (mkumbuke mimi ni fundi, siwezi kuona kitambaa kikae hivihivi). Nikachukua debe la mafuta ya taa, nikalitoboa matundu madogomadogo kwa msumari, nikalitundika kwenye mti uliopita juu ya kuta, ukimimina maji humo yanakunyeshea kama mvua. Mama Yakobo alipoliona debe lile alioga mara mbili siku hiyo, na kesho yake akawaita majirani waje watazame, akiwaeleza kila kitu kana kwamba ni yeye aliyebeba mawe.

Ikabaki rangi. Kuna udongo mweupe unapatikana kwenye ukingo wa kijito, ukiukoroga na maji unapaka nyumba inang'aa kama yai, na gharama yake ni jasho lako tu. Nikapaka. Ukapendeza kwa macho, lakini ulikuwa unatoka, ukiegemea kidogo umebeba ukuta mgongoni, Mama Yakobo akatoka bafuni siku moja ana bega jeupe kama aliyelala ndani ya unga. Nikawaza, mzee wa kanisa akitoka na mgongo mweupe atasema nini.

Ndipo akatokea dereva mmoja wa lori kutoka ng'ambo, Mbemba kwa kabila, alikuwa anasubiri nimpachikie kiraka kwenye suruali, nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mukwai," ndivyo wanavyoitana kwa heshima kwao, "tia chumvi. Kule kwetu kwenye migodi wanapaka hivyo, chokaa na chumvi, haitoki." Hakuniambia kiasi gani. Labda na mimi sikumuuliza, nilishaona nimepata. Wakati ule watu wa Ivuna walikuwa wanaleta chumvi yao, ile ya kijivu inayochemshwa kule karibu na ziwa Rukwa, na mmoja wao nilikuwa nimemshonea kanzu akanilipa mzigo mzima wa chumvi ambao ulikaa chumbani kwangu bila kazi. Mtu mwenye akili angetia konzi moja. Mimi nikasema, kama konzi moja inashika kidogo, mzigo mzima utashika daima. Nikaukoroga wote. Nikapaka nje na ndani, mkono wa kwanza, mkono wa pili, na kilichobaki kwenye ndoo nikakipaka tena upande wa nyuma, ule unaotazama njia, ili wapita njia nao wafaidi.

Na kweli haukutoka. Ukiegemea, ukisugua, wapi, ukuta umekaa. Jua likipiga unang'aa chembe ndogondogo kama nyota. Nilisimama mbele ya bafu lile nikiwa nimeweka mikono kiunoni, nikajiona mtu.

Kesho yake asubuhi niliwakuta mbuzi wa Mama Yakobo wamejipanga ukutani kama watu wanaopokea kipaimara, wanalamba. Nikawafukuza. Wakarudi. Nikawaza labda wanapenda ubaridi wa udongo mbichi, watachoka. (Naapa ndivyo nilivyowaza. Mtu mzima, ninayejua kusoma.) Mama Yakobo nilimwomba awafunge kwa siku mbili tatu hivi, akasema mbuzi wake hawajawahi kufungwa na hawakumkosea mtu, lakini kwa kunionea huruma akakubali kuwafungia ndani ya zizi siku ambayo mgeni atakuja. Nikaridhika. Mbuzi nimewamaliza. Mambo mengine ya duniani yenye ulimi sikuyafikiria hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kwenye baraza namalizia gauni la mke wa mwinjilisti, gauni la kitambaa cha maua ya zambarau, mabega yamepandishwa, na kiunoni lina mikunjo mingi, alitaka kulivaa kesho yake kwenye sikukuu ya mavuno na alisema atalifuata mchana. Nikawaona wanakuja: Mzee Ambakisye mbele, mrefu, mwembamba, koti jeusi limeshika vumbi, fimbo mkononi, na Shangazi Atupele nyuma yake na kikapu. Walikuwa wamelala njiani. Nikaacha kila kitu, nikatupa gauni begani bila kujua (ndivyo mafundi tulivyo, kitambaa kikishakaa begani hukisikii tena), nikapiga magoti nikawapokea, nikawapeleka nyumbani.

Mzee alikaa kwenye kiti, akanisalimu kwa upole lakini macho yake yalikuwa yanatembea. Mama Yakobo akaleta maji ya kunywa. Mimi, kwa adabu zote, nikasema maji ya kuoga yapo tayari, ya moto, baba ametoka mbali. Shangazi akanikonyeza. Mzee akainuka.

Alipofika uani alisimama. Akalitazama bafu. Akagusa ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, hakina kitu. Akafunua pazia, akaona mawe, akaona debe, nikamweleza debe linavyofanya kazi, akaniuliza kama ni mimi niliyetengeneza, nikasema ni mimi baba. Akasema "Hm," lakini lilikuwa "hm" la mtu aliyeridhika, kila mmoja wetu alilisikia, hata Mama Yakobo alitabasamu huko jikoni. Akaingia, akatundika koti na shati na suruali yake juu ya ukuta, tukasikia maji yanamwagika, na baada ya muda kidogo tukasikia anaimba. Wimbo wa kanisani, kwa Kindali. Shangazi Atupele akanipiga gotini kwa kiganja akanong'ona kwamba kaka yake hajaimba bafuni tangu mkewe alipojifungua kitinda mimba. Mimi hapo nilikuwa nimeshaoa, nimeshazaa, nachagua majina ya watoto.

Nyuma ya bafu, upande ule niliowapakia wapita njia ili wafaidi, ilikuwa njia ya ng'ombe. Wachungaji waliotoka na mifugo kule bondeni Rukwa walikuwa wanapita hapo mara mojamoja kwenda kuuza. Nilijua. Kila mtu alijua. Ni kwamba ng'ombe walikuwa wanapita, hawasimami, kwa hiyo sikuwahi kuwahesabu kama watu wanaohusika na bafu letu.

Siku hiyo walisimama. Tulisikia kwanza kwato, halafu kimya, halafu sauti ya mchungaji akiwasukuma kwa mbinja, halafu sauti nyingine ambayo sikuielewa, kama mtu anapiga msasa mbao, watu wengi wanapiga msasa mbao kwa pamoja. Mzee alikuwa amefika ubeti wa pili. Nikaona ukuta wa bafu unatikisika. Halafu nikaona juu ya ukuta kichwa cha ng'ombe mwenye pembe pana, ulimi umetoka, akaisogelea suruali ya mzee, akailamba, akaiona nayo ina chumvi yake ya jasho la safari, akaivuta taratibu ikapotelea upande wa pili. Nikainuka kwenye kiti. Utamwitaje mzee mwenye heshima, anayeimba wimbo wa Mungu, umwambie ng'ombe anakula suruali yake?

Wakati natafuta maneno, wale wa nyuma wakasukuma wa mbele, kila mmoja anataka na yeye alambe, na ukuta ukalala. Haukuanguka kwa kishindo, ulilala tu, polepole, kama mtu aliyechoka, ukauvuta na ukuta wa pili, debe likashuka na maji yake yote, pazia langu la mikunjo likaenda na tope. Na katikati pale akabaki amesimama Mzee Ambakisye, povu la sabuni usoni, mwili mzima umetapakaa udongo mweupe, haoni kitu, mbele yake kundi la ng'ombe na wachungaji wawili walioshika midomo yao.

Mzee hakupiga kelele. Kwa hilo nampa heshima mpaka leo. Alifanya jambo moja tu, alikimbia. Lakini macho yamejaa sabuni, badala ya kukimbilia nyumbani akakimbilia upande wenye nafasi, akapita kwenye lango la ua, akatoka barabarani.

Sasa mnajua kwetu ilivyo. Mkwe humtazami uchi wake hata kwa bahati mbaya, kwa jambo hilo tu mtu anaweza kuambiwa palepale kwamba ndoa basi. Na mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nilikuwa na nguo begani. Nikajisemea nitamfunika, lakini sitamtazama. Kwa hiyo nikamkimbiza nikiwa nimefumba macho. Fikirieni wenyewe: mbele anakimbia mtu asiyeona kwa sababu ya sabuni, nyuma anakimbia mtu asiyeona kwa sababu ya adabu, na nyuma yetu wote, kwa sababu ng'ombe walipojaa uani waliegemea zizi na mlango wake ukafunguka, wanakuja mbuzi wa Mama Yakobo, ambao tangu asubuhi walikuwa wananusa chumvi bila kuipata, na sasa wanaona chumvi inakimbia kwa miguu yake yenyewe.

Nilimfuata kwa sauti ya miguu. Aliposimama mimi sikujua, nikamgonga mgongoni, tukaanguka wote wawili kwenye dimbwi mbele ya baraza la duka, palepale nilipokuwa nakaa na mashine yangu. Nikapapasa, nikapata kichwa, nikamvisha gauni. Bado nimefumba macho. Mikono ikaingia kwenye mikono, nikalishusha mpaka chini, nikafunga na vifungo vya mgongoni, vyote, maana kidole cha fundi hakisubiri kuamrishwa. Ndipo nikafumbua.

Mzee wa kanisa wa Itumba alikuwa ameketi kwenye matope, gauni la maua ya zambarau limemkaa vizuri kabisa mabegani (nilishtuka jinsi lilivyomkaa), ndevu zina povu, na mbuzi wawili wanamlamba miguu, mmoja huku mmoja huku, bila haraka. Barazani wateja wamesimama. Kwenye kizuizi cha mpakani askari ameacha mti umeinuka, lori limesimama katikati ya nchi mbili na dereva ametoa kichwa dirishani. Na mbele ya umati wote, na mwavuli wake, amesimama mke wa mwinjilisti aliyekuja kuchukua gauni lake.

Alimtazama mzee. Akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Fundi, hilo si langu?"

Nikasema ndiyo mama, ni lako, limekwisha.

Sikusikia alichojibu kwa sababu barabara nzima ilicheka kwa pamoja. Wachungaji walicheka, mwenye duka alishika nguzo, na kicheko kilichopita vyote kilikuwa cha Shangazi Atupele, ambaye alikuwa ametufuata mpaka langoni na pale akashindwa kuendelea, akakaa chini na kikapu chake, akacheka mpaka akawa analia, kila akijaribu kuja kumsaidia kaka yake anamwona tena na kukaa chini upya.

Mzee aliinuka. Akakusanya gauni kwa mkono mmoja lisiburuzike, akapita katikati ya watu kama anapita kanisani kwenda mbele, akarudi nyumbani kwa Mama Yakobo, mbuzi nyuma. Suruali yake tuliipata nusu. Shati lilikuwa limekanyagwa. Koti liliokoka. Nikampa suruali yangu nzuri, ikamfika chini kidogo ya magoti. Mama Yakobo alikuwa amechinja kuku, wali umeiva, mzee akashukuru kwa chakula akasema hana njaa, akavaa koti lake juu ya suruali ile, akachukua fimbo, akaondoka. Shangazi alinigusa bega alipokuwa anapita, alitaka kusema neno la kunifariji, lakini alipofungua mdomo kicheko kikatoka, akakimbia nje.

Nilikaa uani mpaka jioni nikitazama mawe yangu bapa, ambayo yalikuwa ndiyo yaliyobaki, na ng'ombe walikuwa wameyalamba yakawa safi sana. Mke wa mwinjilisti nilimshonea gauni jingine usiku kucha asikose sikukuu, na lile la kwanza alisema hata likifuliwa mara ngapi hawezi kusimama nalo mbele ya kwaya. Mama Yakobo alinionea huruma kwa muda mfupi, halafu akaniuliza bafu lake nitalisimamisha lini. Nikalisimamisha, udongo mtupu, wa kijivu, mbaya vilevile kama zamani, na gunia lenye tundu nikalirudisha mahali pake.

Nilikaa majuma kadhaa nikitarajia jibu la kukataliwa, halikuja, na kukaa bila jibu kukawa kubaya kuliko kukataliwa. Mwishowe nikafunga cherehani, nikapanda milima kwenda Itumba kuomba radhi mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu ng'ombe na tabia zao. Nikamkuta mzee ameketi mbele ya nyumba anamenya maharage na mkewe, Tusekile yuko mlangoni, aliponiona akaingia ndani haraka, na nikasikia huko ndani Shangazi Atupele ameanza kucheka.

Nikapiga magoti. Hotuba yote ikapotea. Nikasema tu, "Baba, naomba unisamehe."

Akaendelea kumenya. Akamenya mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, "Siku ile unanikimbiza. Kwa nini uliniangukia? Njia ilikuwa nyeupe."

Nikasema nilikuwa nimefumba macho, baba.

"Ulifumba kwa nini?"

Nikasema, nisikuone.

Mkewe akaacha kumenya. Mzee akanitazama, akamtazama mkewe, kama watu waliokuwa wamebishana jambo na sasa mmoja ameshinda. Akasema, "Nilijua. Nilipoosha macho kwa maji ya dimbwi, nikageuka, nikamwona bado amefumba, anafunga vifungo." Kisha akanigeukia mimi. "Adabu unayo, mwanangu. Akili nitamwambia Tusekile awe anakusaidia."

Basi ndivyo nilivyopewa mke. Tulifunga ndoa mavuno yaliyofuata, kule kule Itumba, na mzee alisisitiza wageni wote waoge mtoni. Tangu hapo tumepanga nyumba nyingi, Tunduma na Vwawa na kwingine, na nimetengeneza vingi humo, madirisha, meko, hata dari, lakini bafu la nyumba ya kupanga nimeapa silishiki. Nalikuta lilivyo naliacha lilivyo. Likiwa na fito nje, naoga nazitazama fito. Likiwa na chura, namsalimu. Mke wangu ameshazoea kwamba kwa jambo hilo hanipati.

Na baba mkwe alikuwa anakuja kututembelea karibu kila mwaka, mpaka uzee ulipomzuia kushuka mlima. Alitupenda, alipenda wajukuu, alikula kila alichowekewa. Ila alikuwa anapitia kijitoni kwanza. Tulikuwa tunamwona anakuja kwa mbali, nywele mbichi, taulo begani, na kabla hajafika mlangoni, kabla hata ya kupiga hodi, anasema kwa sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, na majirani pia:

"Nimeshaoga."